Mifano Yote Ni Yaya Ndaya

Fungurume, 12 Aprili 2023

Tata Mujomba Ntambwe,

Bwana asifiwe. Mimi ni mzima, Sadrack mpwa wako ni mzima, na mtoto wetu Tania sasa anakaa bila kushikwa, ila bado anaegemea upande mmoja kama gunia lisilojaa. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu Sadrack ameniambia nisihangaike na simu: utasema "Allô, ni nani?" mpaka salio liishe. Barua nampa Ngoy, dereva wa lori. Anapita Kolwezi mara kwa mara na anaijua shule yako ya Manika.

Nina ombi. Akina mama wa kanisa letu tumeanzisha kikundi cha kusoma hadithi, kila Alhamisi, uwanjani kwangu. Mimi ndiye msomaji. Nasoma vizuri, Tata, hata mama muuza mkaa ananyamaza. Lakini nikifunga kitabu na kuwauliza, "Mnaonaje?", wanajibu, "Ni nzuri." Basi. Kisha tunarudi kwenye bei ya unga. Mama Honorine, mke wa Pasta Gaston, amesema kama hatuna la kusema juu ya hadithi, afadhali tuimbe. Wewe unafundisha fasihi. Nipe maneno. Sehemu za hadithi zinaitwaje? Mtu anaelezwaje mpaka msikilizaji amwone?

Mama mkwe Ndaya, dada yako, anakusalimu. Tangu kuta za nyumba yake ya Kolwezi zipasuke kwa milipuko ya mgodi, yuko nasi. Analala na Tania na anamfumia kofia ya manjano. Anasema: "Mwambie ule ndugu yangu aniandikie na mi. Sijue kusoma, lakini utanisomea."

Mkwe wako,
Abigaëlle

*

Kolwezi, Manika, 19 Aprili

Mkwe wangu Abigaëlle,

Ngoy alinikuta darasani. Alipiga hodi, wanafunzi wakasikia, mimi sikusikia. Wakamwacha aendelee kupiga mpaka walipochoka kucheka. Ndiyo maisha ya mtu aliyeacha masikio yake kwenye mtambo wa kusaga mawe kabla hajashika chaki. Faida yake ni kwamba wanafunzi wakitaka kunitukana wanasimama upande wangu wa kushoto, nami naendelea kuwa na afya njema.

Maneno unayoyataka ninayo. Ndiyo mali yangu yote; mke wangu aliondoka akisema kulala nami ni kulala na kamusi.

Haya. Mtu wa ndani ya hadithi anaitwa mhusika. Mahali na wakati wake ni mandhari. Anayetueleza ni msimulizi. Akisema "mimi, mimi," ni msimulizi wa nafsi ya kwanza, na huyo usimwamini upesi. Akianza kukuapia kwamba anasema kweli tupu, shika mkoba wako.

Sasa kumweleza mhusika. Mifano yangu yote itakuwa Yaya Ndaya, dada yangu mkubwa, maana ndiye mtu pekee ninayeweza kumtania bila kupigwa, kwa kuwa yuko mbali. Tashbihi ni kufananisha: "Ndaya ni mrefu na mkavu kama mwiko wa kusongea bukari." Ukiondoa ile "kama" ukasema "Ndaya ni mwiko," umepata sitiari. Chuku ni kutia chumvi mpaka chungu kilalamike: "Ndaya ana jicho moja lenye ukungu, akimtazama kuku kwa jicho hilo, kuku anawaaga vifaranga wake."

Msomee. Mwambie ningempokea mwenyewe, lakini nina chumba kimoja, kitanda ndicho sebule, na yeye anakoroma kiasi kwamba hata mimi nitasikia.

Mujomba wako kiziwi,
Ntambwe

*

Fungurume, 3 Mei

Tata Mujomba,

Laiti ungekuwepo! Nilisoma barua yako mbele ya kikundi chote, neno kwa neno, na Mama Ndaya amekaa katikati yetu na Tania mapajani. Nilipofika kwenye kuku, mama muuza mkaa alilala chini kabisa. Mama Ndaya mwenyewe alicheka mpaka akajifunga kitambaa mdomoni, maana anaona aibu ya meno yaliyong'oka. Anakujibu hivi, nimeandika kama alivyosema: "Mwambie, ule kuku, yeye njo alikulaka mapaja yote mbili. Na mi nilipata shingo."

Sasa akina mama wakiingia uwanjani wanafunika nyuso: "Mama, usituangalie na lile jicho, bado tunapenda maisha!" Naye anawafukuza kwa mwiko. Tunafurahi sana. Na kusoma kumebadilika: wanasema "mhusika huyu," "mandhari ile." Mama Honorine amelitumia neno chuku kanisani, akimsema mtu aliyetoa ushuhuda mrefu.

Wanaomba zaidi. Mama Honorine anauliza: mwandishi anafanyaje ili tuogope jambo kabla halijafika? Yeye hudai amejua mwisho, lakini hasemi ameujuaje.

Sadrack anasalimu. Shimo lake na wenzake la kuchimba madini halitoi mawe mazuri siku hizi, ni udongo tu. Tania ana mafua kidogo.

Abigaëlle

*

Kolwezi, 10 Mei

Mkwe wangu,

Nilivimba kichwa. Barua yako nimeisoma mbele ya walimu wenzangu, nikawaambia: tazameni, Fungurume wananielewa, ni ninyi tu wa Manika mlioshindikana. Mmoja akasema jambo upande wa kushoto, wengine wakacheka. Sikuuliza.

Mwambie Mama Honorine kwamba ile hofu tamu inaitwa taharuki. Na kile kinachoileta ni kidokezo: jambo dogo linalotajwa mwanzoni kama halina maana, kumbe limebeba mwisho mgongoni. Kanuni ni moja, iandike kwa herufi kubwa: KATIKA HADITHI NZURI HAKUNA KINACHOTAJWA BURE. Mtu akikohoa mwanzoni, andaa jeneza mwishoni. Mgeni akiingia nyumbani na mzigo, jiulize ameleta nini. Msomaji hodari hufika mwisho, kisha anarudi nyuma na kuokota vidokezo vyote alivyovikanyaga.

Mfano? Nani tena! Asubuhi moja tukiwa wadogo, Yaya Ndaya aliamka kabla ya wote. Akafagia uwanja mzima, akatoa viti, akavipanga kwa mstari. Nikamuuliza, "Yaya, wageni gani?" Akanitazama kwa lile jicho lake, akasema, "Batakuya." Jioni uwanja ulijaa watu. Baba yetu alikuwa amekufa.

Umeona? Ufagio ni kidokezo. Viti ni kidokezo. "Batakuya", yaani watakuja, ni kidokezo kilichovaa tai. Kisomee kikundi polepole, na ukifika kwenye "Batakuya" nyamaza kidogo kabla ya kuendelea. Mimi hufanya hivyo darasani na hata wavulana wa nyuma huacha simu zao.

Tania apone. Mwambie Yaya asimpake yale mafuta yake ya mawese kifuani. Tulipokuwa watoto alitupaka mpaka nzi wakatujua kwa majina.

Ntambwe

*

Fungurume, 29 Mei

Tata Mujomba,

Nilinyamaza kabla ya kuendelea, kama ulivyosema. Hakuna aliyecheka. Mama muuza mkaa alisema, "Yesu." Mama Ndaya naye alitikisa kichwa akasema, "Ni kweli, nilifagia." Halafu akaomba apewe Tania.

Sasa kila mtu hapa anatafuta vidokezo. Mama Honorine ameviona vitatu kwenye hadithi ambayo hatujaimaliza. Wengine wanaviona hata nje ya kitabu. Jumapili Mama Ndaya aliamka mapema akafagia uwanja. Mama Honorine alikuwa anapita, akanitazama, nikamtazama, tukacheka. Lakini si kicheko kile cha kuku.

Tania anakohoa. Kituo cha afya walitupa dawa ya maji, imekwisha, kikohozi kipo. Shimo la Sadrack halitoi kitu. Wenzake wawili wameondoka kwenda kutafuta shimo lingine, wanasema hili limefungwa. Nikauliza limefungwa na nani, wakatazama chini.

Mama Honorine ana swali: katika hadithi, yule anayesababisha mabaya anaitwaje, na anajulikanaje?

Abigaëlle

*

Kolwezi, 9 Juni

Mkwe wangu,

Hilo ni swali la mwanafunzi wa mwisho wa sekondari. Nikistaafu, Mama Honorine achukue chaki yangu, pamoja na vumbi lake.

Anaitwa mpinzani. Bila mpinzani hadithi hailiwi, ni bukari bila mboga ya sombe. Na tafadhali, msimtafute mwenye pembe na mkia. Mwandishi mjanja humficha karibu: jikoni, chumbani, kwenye kitanda cha mtoto. Ni yule anayecheka na wengine. Ni yule usiyemshuku kwa sababu anakupikia. Ukitaka kumjua, uliza: mambo yaliharibika tangu nani aingie? Na sharti ajulikane na atoke kabla ya ukurasa wa mwisho, la sivyo wasomaji watakuandikia barua za matusi.

Kwangu mimi, mpinzani wa utoto wangu wote alikuwa Yaya Ndaya! Aliingia duniani kabla yangu, akakaa kwenye mgongo wa mama, akakataa kushuka. Maziwa alinimalizia, kitanda alinimalizia, hata kivuli alikuwa nacho kikubwa kuliko changu. Msomee hayo, umwone atakavyotafuta mwiko.

Tania mrudisheni kituo cha afya, tena upesi. Usingoje dawa ya Yaya.

Wako katika fasihi,
Ntambwe

*

Fungurume, 24 Juni

Tata Mujomba,

Barua yako ya tarehe 9 ilitukuta tunatoka makaburini. Ngoy alinikabidhi akiwa ameshika kofia yake mkononi. Tania amekufa.

Hatukukuita kwenye kilio. Pasta Gaston alisema tungoje kwanza tuelewe.

Nilidhani sitaweza kuisoma. Mama Honorine aliisoma badala yangu, kwa sauti, akina mama wote wakiwa wamekaa kwenye mkeka na Mama Ndaya amejifunika nguo. Alipofika kwenye "kitanda cha mtoto" aliisoma tena. Halafu akasema: "Mwalimu ametufundisha. Tumefika mwisho, sasa turudi nyuma tuokote."

Tukarudi nyuma. Mama Ndaya alikuja kwetu na mzigo. Baada ya kuja kwake shimo likakauka. Baada ya shimo kukauka, Tania akaanza kukohoa, na alikuwa analala naye. Kila kitu kilikuwa mbele yetu tunakikanyaga. Na asubuhi ile Tania alipokufa, Tata, mimi mwenyewe nilimkuta Mama uwanjani na ufagio. Viti alikuwa amevitoa nje.

Nakuuliza jambo moja, unijibu kwa mstari mmoja bila mzaha. Siku aliyokufa baba yenu, alifagia na kupanga viti kabla hajafa, ndiyo au hapana?

Sadrack haongei. Anangoja jibu lako. Mama yuko kwenye chumba cha nyuma.

Abigaëlle

*

Kolwezi, 28 Juni

Abigaëlle mwanangu,

Pole. Pole sana. Nimelia mpaka wanafunzi wamepelekwa nyumbani. Ngoy anangoja hapa mlangoni na injini inawaka, kwa hiyo naandika mbio, usahihishe mwenyewe.

Ndiyo, alifagia. Lakini sikiliza. Alifagia asubuhi zote za maisha yake! Alikuwa binti mkubwa wa nyumba, nani mwingine angefagia? Viti alivitoa kwa sababu baba alikuwa mgonjwa kwa muda mrefu na kila siku watu walikuja kumwona. "Batakuya" maana yake shangazi zetu, waliokuwa wametuma habari kwamba wanafika. Hayo yote niliyaacha nje. Niliyakata kwa sababu yaliharibu taharuki. Kidokezo kikielezwa si kidokezo tena. Ndivyo hadithi inavyotengenezwa, mwanangu, unachukua huku na unaacha kule!

Jicho ni mtoto wa jicho, ugonjwa wa wazee, daktari yeyote atakuambia; utotoni hakuwa nao, nililitia mimi kwenye hadithi. Shimo limekauka kwa sababu mashimo hukauka. Tania amekufa kwa kifua. Siku aliyokufa Tania, Yaya alitoa viti kwa sababu mtoto alikuwa amekufa na watu walikuwa wanakuja. Ungefanya nini wewe?

Kanuni ile ni ya vitabu. Kitabuni kuna mtu mmoja ameketi anapanga. Huku nje vitu vinatajwa bure kila siku. Watu wanakohoa na kupona. Wageni wanakuja na mizigo ya nguo zao tu.

Sadrack, najua unasomewa: huyo ni mama yako. Mtoeni chumbani. Mimi naapa mbele ya Mungu, neno hili ninalosema sasa ni kweli tupu.

Ntambwe

*

Fungurume, 11 Julai

Tata,

Tumesoma. Mama Honorine alitukumbusha somo lako la kwanza, la tarehe 19 Aprili, tunalo kwenye bahasha: msimulizi wa nafsi ya kwanza usimwamini upesi, na akianza kukuapia kwamba anasema kweli tupu, shika mkoba wako. Umeandika maneno hayohayo, Tata. Kweli tupu. Wakati ule hukuwa na sababu ya kusema uongo. Sasa unamtetea dada yako. Kati ya wasimulizi wawili, tumemwamini wa kwanza. Na swali langu ulilijibu: ndiyo, alifagia.

Hatukumpiga. Naomba ujue hilo. Pasta alikataza. Alifunga naye kula na kunywa, akamwombea, na kwa kuwa ulisema nguvu iko kwenye jicho, walimtia machoni maji ya chumvi yaliyoombewa. Walianza na lenye ukungu, halafu na zima, kwa sababu Mama Honorine alisema yanasaidiana. Alilia kama mtoto. Alikuwa anakuita kwa jina: "Ntambwe! Ntambwe!" Mama muuza mkaa akasema, "Anaita kiziwi." Baadhi walicheka. Sikucheka mimi.

Sadrack alimfungia mzigo kwa mikono yake na kumpeleka barabarani. Tulimwambia aende kwako. Ngoy alikataa kumpakia, anasema lori ndilo chakula chake na hataki lifungwe kama shimo. Basi alianza kutembea, anagusa ukingo wa barabara kwa fimbo.

Maziwa yangu bado yanatoka. Nayakamua chini. Usinihukumu.

Abigaëlle

*

Kolwezi, 30 Julai

Abigaëlle,

Amefika. Sijui kwa njia gani, naye hasemi yote. Mwalimu mwenzangu alinigusa bega darasani na kuniandikia ubaoni, ili wote waone: "Kuna mama getini anauliza mwalimu asiyesikia." Nilitoka na chaki mkononi. Nilimkuta ameelekeza uso kwenye jua kana kwamba jua ndilo mimi.

Miguu imevimba hadi magotini. Jicho zima sasa linaona mwanga na vivuli tu. Muuguzi wa hapa Manika amelitazama, akanyanyua mabega. Sasa yeye haoni na mimi sisikii. Tukijumlishwa tunapata mtu mmoja mzee, mwenye kelele, asiyefaa sana. Amelala kitandani kwangu, mimi nalala kwenye sakafu ya sebule, ambayo ni chini ya kitanda hichohicho. Anakoroma kweli. Nasikia, au labda ni sakafu inayotetemeka.

Nilidhani atanilaani. Nilikaa nikingoja. Kumbe, mwanangu, hajui. Barua zile mlizisoma mbele yake na yeye alisikia utani wa mdogo wake tu. Anadhani mlimfukuza kwa uchungu wa mtoto, na uchungu utapoa. Jana aliniita, akaweka mdomo kwenye sikio langu la kulia na kusema kwa nguvu. Nakuandikia alivyosema: "Andikia ule mutoto Abigaëlle. Uandike ya kuchekesha, sawa ile ya kuku. Bale bamama balichekaka sana. Bakicheka batanirudisha."

Sikumwambia. Nilishika kalamu kama alivyotaka. Anangoja kusikia ikikwaruza karatasi, na nikisimama anauliza, "Juu ya nini umenyamaza?"

Nimejaribu. Nimeandika: "Yaya Ndaya anatembea kama..." nikafuta. "Yaya Ndaya ni..." nikafuta. Nimefundisha tashbihi maisha yangu yote na leo sina hata moja, maana kila mfano ninaoushika naona mkono wa mtu umenyooshwa kuupokea. Nimeandika tu hivi: Yaya Ndaya ni mwanamke mzee. Alikuwa anampenda mtoto. Ameumia miguu. Kisha nimejifanya namsomea, nikibuni kisa cha mbuzi na mchungaji, akacheka, akafunika mdomo.

Anakuomba pia jambo moja: kofia ya manjano aliiacha chini ya mto, imebaki mshono wa mwisho. Anasema Mungu akikujalia mwingine, usiitupe.

Mrudisheni, mwanangu. Au njooni tu mmwone. Nakusihi.

Ntambwe

*

Fungurume, 16 Agosti

Tata Mujomba,

Bwana asifiwe. Barua yako imefika na tumeisoma Alhamisi. Ilikuwa fupi kwenye maelezo, akina mama walitarajia zaidi. Mama muuza mkaa alisema hiyo ya mwisho, "Ameumia miguu," haina tashbihi hata moja.

Nakuletea habari njema. Shimo la Sadrack limefunguka. Wiki iliyofuata baada ya Mama kuondoka waligonga mawe ya kijani, mazito, na wale wenzake wawili wamerudi wakiomba msamaha. Sadrack amenunua mabati. Kwa hiyo umejionea mwenyewe, wala hakuna haja ya kubishana tena juu ya nani alisema kweli. Sadrack anaongea sasa. Anakula. Juzi aliniita kwa jina langu.

Kofia tuliichoma pamoja na godoro. Niliinusa kwanza. Sikumwambia mtu.

Kikundi kimekua, hata wanaume wanasimama kwenye ua kusikiliza. Mama Honorine anakushukuru mbele ya wote; anasema bila mafundisho yako tungebaki tunasema "ni nzuri" na mtoto wa pili, nikijaliwa, naye angekufa. Pasta anataka uje ufundishe siku moja. Na tunaomba somo jingine: wakati mpinzani ameshatoka na mambo yanarudi mahali pake, sehemu hiyo ya hadithi inaitwaje?

Ukijibu, tumia mifano mingine. Yule mhusika kwetu ameshatoka.

Mkwe wako,
Abigaëlle